Baada ya Kipindi cha Mwisho: Mwongozo kwa Mzazi Anayempeleka Mtoto Bweni la Shule ya Kanisa

Fomu ya kujiunga imefika, na huenda umeshaanza kuweka alama ya vema kwenye orodha: tranka, godoro la futi mbili na nusu, ndoo mbili, chandarua, ufagio wa chelewa, rimu ya karatasi, viatu vyeusi vya kamba. Ada ya awamu ya kwanza imelipwa au inatafutwa. Ukiulizwa kwa nini umechagua shule ya kanisa, utajibu kama wengi wanavyojibu: matokeo ya NECTA, na malezi.

Matokeo yanabandikwa kila mtu ayaone. Malezi hayabandikwi. Vipindi vikiisha alasiri, mtoto wako yuko mikononi mwa watu ambao pengine hujawahi kuwaona: matroni au patroni, mwalimu wa zamu, nesi, viranja, mpishi, mlinzi. Hadi kengele ya alfajiri hao ndio wazazi wake, na mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya saa hizo.

Sifa ya malezi ya shule hizi ina mizizi mirefu. Minaki ilikuwa ya Waanglikana, Pugu ya Wakatoliki, Ilboru ya Walutheri, kabla Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 haijazitia shule nyingi za misheni mikononi mwa serikali. Makanisa yalijenga nyingine, na tangu 1992 yana chombo chao cha pamoja, Tume ya Kikristo ya Huduma za Jamii (CSSC). Sifa hiyo tumeirithi kwa wazazi wetu. Ila msalaba ulio langoni haukwambii nani anashika ufunguo wa bweni usiku wa leo.

1. Nenda ukaione shule jioni

Siku ya mahafali kila shule ni nzuri. Omba kwenda siku ya kawaida, ufike saa kumi alasiri, uondoke baada ya chakula cha jioni. Shule isiyotaka mzazi aione jioni imeshakujibu.

Ukiwa pale:

1. Ingia bwenini. Kama ni bweni la wasichana na wewe ni baba, aende mama au shangazi. Hesabu milango. Iwe angalau miwili, ifunguke kwa nje, na isifungwe kwa kufuli la nje watoto wakiwa ndani. Tazama madirisha: nondo zisizofunguka ni mtego. Bweni la Kyanguli, nchini Kenya, liliungua mwaka 2001 wakafa wavulana 67. Mlango mmoja ulikuwa umefungwa na madirisha yalikuwa na nondo. Idodi, mkoani Iringa, mwaka 2009 walikufa wasichana 12, na chanzo kilikuwa mshumaa. Kwa hiyo uliza pia: umeme ukikatika, watoto wanatumia nini?
2. Fuata njia ya chooni. Itembee kama mtoto wa miaka kumi na mitatu atakavyoitembea saa nane usiku. Ina taa? Inapita wapi? Maji yako karibu? Kwa wasichana, kuna mahali pa kutupa pedi bila kupita mbele ya watu?
3. Simama bwaloni wakati wa chakula. Usiangalie ugali na maharage, hivyo utavikuta kila mahali. Angalia sahani za kidato cha kwanza. Kama wao ndio wanaopakuliwa mwisho na maharage yamebaki mchuzi, umeshajua ukubwa unavyotumika hapo shuleni.
4. Kaa na matroni nusu saa. Mkuu wa shule utaonana naye, ni desturi na ni adabu. Lakini mtu wa kukaa naye ni huyu.

> KISANDUKU: Maswali ya kumuuliza matroni au patroni
>
> ☐ Unalala wapi, na ni hatua ngapi kutoka bwenini?
> ☐ Unalea watoto wangapi peke yako?
> ☐ Ukiwa na likizo au ukiugua, nani anakaa nafasi yako?
> ☐ Mtoto akiumwa tumbo saa saba usiku, anafanya nini? Gari ni la nani? Hospitali ni ipi?
> ☐ Nani mwingine ana ufunguo wa bweni?
> ☐ Mtoto akiwa na malalamiko juu ya kiranja, anakuja kwako au anapitia kwa kiranja huyohuyo?
> ☐ Umekaa hapa miaka mingapi?

Swali la mwisho usiliruke. Matroni wengi wanalipwa kidogo, hawana zamu wala siku ya kupumzika, na walimu vijana wa shule binafsi mara nyingi huondoka wanapopata ajira serikalini. Shule inayobadilisha matroni kila muhula haiwezi kumjua mtoto wako, hata iwe na ibada ndefu kiasi gani. Kwenye kikao cha wazazi tunasimama kuuliza juu ya basi la shule na rangi ya sweta. Ni nadra kumsikia mzazi akiuliza kama mishahara ya wafanyakazi inatoka kwa wakati. Uliza. Mlezi aliyechoka na mwenye madeni ni hatari kwa watoto, hata kama ana moyo mwema.

2. Mambo ya kuyaandika kabla ya siku ya kuripoti

Maneno ya mdomo hupotea siku ya kuripoti, wakati wazazi mia wanapanga foleni kwa mhasibu. Andika barua moja fupi, nakala mbili. Moja ibaki shuleni, ya pili ipigwe mhuri uondoke nayo.

Afya. Fomu ya uchunguzi inajazwa na daktari, lakini haisemi mtoto anaishije na ugonjwa wake. Wewe ndiye unayejua. Kwa mtoto mwenye selimundu, andika kwamba hatakiwi kunyeshewa wala kuoga maji ya baridi alfajiri, anywe maji mengi, na maumivu yakianza asiambiwe anajidekeza. Kwa mwenye pumu, kipulizio kikae mfukoni mwake, kisifungiwe ofisini. Kwa mwenye kifafa, wenzake wa vitanda vya jirani wafundishwe kumlaza ubavu na kutomtia kitu mdomoni. Kwa anayetumia dawa za kufubaza VVU, chagua mtu mmoja au wawili wa kuambiwa, nesi na mlezi kwa mfano, mkubaliane saa na mahali pa kumeza bila macho ya watu. Taarifa hiyo si ya kusambazwa kwenye chumba cha walimu.

Anayekojoa kitandani naye aandikiwe. Hili wazazi hulificha kwa aibu, kisha mtoto anaumbuka wiki ya kwanza godoro lake likianikwa mbele ya bweni zima. Mnunulie kifuniko cha nailoni na shuka za ziada, umwombe matroni amwamshe usiku na ampe mahali pa faragha pa kuanika.

Mfungo na mikesha. Shule nyingi zina vikundi vya wanafunzi kama UKWATA, TYCS na CASFETA, na humo watoto hupata marafiki wazuri na kujifunza kusimama mbele za watu. Vikundi hivyo pia hufunga na kukesha. Mwenye kisukari, vidonda vya tumbo au dawa za kila siku asifunge bila nesi kujua. Na mwambie mtoto wako waziwazi, usiku na mchana: yeyote atakayemwambia aache dawa kwa kuwa ameombewa, hata akiwa mtumishi wa Mungu, amkatalie na akupigie simu.

Imani. Kama mtoto ni Mwislamu, Msabato, au wa dhehebu lingine, uliza kabla ya kulipa, siyo baada. Je, ibada ni lazima? Atasali wapi? Jumamosi ya Msabato itakuwaje kama kuna jaribio? Katiba ya Tanzania, ibara ya 19, inalinda uhuru wa kila mtu kuamini, na shule nyingi za makanisa zimesomesha watoto wa Kiislamu kwa miaka mingi bila ugomvi. Ugomvi huja pale mzazi alipojua masharti akanyamaza, akitumaini mambo yatajipanga.

3. Mfundishe mtoto kusema

Mtoto aliyesoma shule ya msingi ya Kiswahili anaingia mahali ambapo karibu masomo yote yanafundishwa kwa Kiingereza. Katika shule nyingi kuzungumza Kiswahili ni kosa, na anayekamatwa anavishwa kibao au kuadhibiwa. Nia inaeleweka. Tatizo ni kwamba mtoto asiyejua kusema "nimeshikwashikwa" au "wananinyang'anya chakula" kwa Kiingereza atakaa kimya kabisa. Kwa hiyo iombe shule ijibu swali moja: je, ofisi ya mlezi, zahanati na chumba cha matroni ni mahali pa kusema kwa lugha yoyote? Kama ni ndiyo, mtoto aambiwe na mlezi mwenyewe, wewe ukiwepo.

Kisha fanya haya nyumbani, wiki moja au mbili kabla ya safari:

1. Taja viungo vya mwili kwa majina yake. Mweleze kwamba hakuna mwalimu, mchungaji, padri, kaka mkubwa wala dada mkubwa anayeruhusiwa kumgusa sehemu za siri, na kwamba siri inayomtisha si siri ya kutunza.
2. Mwandikie namba tatu kwenye karatasi na azikariri: yako, ya ndugu mwingine anayemwamini, na 116, simu ya huduma kwa mtoto, ambayo ni bure.
3. Kubalianeni sentensi ya siri. Watoto wengi hupiga simu Jumapili kwa simu ya matroni, matroni akiwa amesimama pale pale. Sentensi iwe ya kawaida: "Mbuzi wa bibi ameshazaa?" Akiiuliza, unajua kuna jambo asiloweza kulisema. Usimhoji simuni. Jibu, "Bado, nitakuja kukueleza," na uende mapema uwezavyo.
4. Ijaribuni mara mbili tatu, acheze, acheke. Asipoizoea nyumbani hataikumbuka akiwa na hofu.

4. Wiki za mwanzo

Kulia ni kawaida. Kula kidogo ni kawaida. Kuandika barua ya kurasa nne akiomba arudishwe ni kawaida, na mara nyingi barua ikifika yeye ameshasahau alichoandika. Wengi hutulia kabla ya muhula kufika katikati, hasa wakishapata rafiki mmoja na kazi moja wanayoiweza: kwaya, mpira, kupiga kengele.

Makosa tunayoyafanya:

- Kuahidi. "Vumilia mwezi huu, nitakuhamisha." Mtoto ataacha kutandika kitanda akisubiri kuondoka.
- Kutisha. "Unajua ada yake ni kiasi gani?" Atanyamaza, na atanyamaza pia siku ambayo angetakiwa kusema.
- Kumwaga vitu. Sanduku la biskuti na pesa nyingi mkononi humfanya mtoto wa kidato cha kwanza awindwe na wakubwa. Pesa ya matumizi iwekwe kwa mhasibu au matroni, itoke kidogokidogo, na iandikwe daftarini.
- Kupiga simu kila siku. Mara moja kwa wiki, siku inayojulikana, inamtuliza zaidi.

Simuni usianze na "Unalia?" Uliza vitu vyenye majibu: leo umekaa na nani bwaloni, nani analala kitanda cha juu yako, mwalimu gani anachekesha. Ukisikia majina yanaongezeka wiki hadi wiki, mambo yanakwenda. Ukisikia yuleyule mmoja tu, au hakuna, mpigie mlezi.

5. Siku ya kutembelea

Fika mapema. Mtoto anayekaa langoni hadi saa nane akiona wazazi wa wenzake wakifungua mahotipoti ya pilau anaumia kuliko unavyodhani. Kama huwezi kufika, sema mapema, na umwombe mzazi mwingine amketishe kwenye mkeka wake.

Mwache ale kwanza. Wakati anakula, tazama:

☐ Amepungua, au anakula kama aliyenyimwa?
☐ Vitu vyake viko wapi? Sweta, ndoo na kalamu vikiwa "vimepotea" vyote, uliza nani anavitumia.
☐ Mikono yake ina malengelenge ya kufua? Huenda anafua nguo za kidato cha nne.
☐ Ana kitu kipya ambacho hukukinunua? Saa, simu, viatu, manukato. Uliza kwa upole na usiridhike na "nimepewa tu". Mtu mzima anayempa mtoto zawadi kwa siri anataka kitu.
☐ Kuna mtu akipita anabadilika uso?

Usimpe matroni bahasha. Kilo mbili za sukari, kitenge mwisho wa mwaka, shukrani mbele ya mkuu wa shule: hizo ni heshima zetu na hazina ubaya. Bahasha inamfanya amtazame mtoto wako na kuwasahau wengine, na watoto huliona hilo kabla yetu.

6. Viboko: jua mpaka wa sheria

Wapo wazazi wanaosema "mwalimu, mchape tu". Kanuni za adhabu ya viboko za mwaka 2002 hazisemi hivyo. Viboko visizidi vinne. Anayechapa ni mkuu wa shule, au mwalimu aliyemruhusu kwa maandishi. Msichana huchapwa na mwalimu wa kike, isipokuwa shule haina. Kila adhabu inaandikwa kwenye daftari maalumu. Kiranja haruhusiwi kumchapa mtu. Mtoto akirudi na alama mwilini, piga picha, mpeleke akapimwe, kisha omba kuliona daftari hilo. Kama hakuna kilichoandikwa, una la kuzungumza na mkuu wa shule, na baada yake na afisa elimu sekondari wa wilaya.

7. Wasichana wakianza kuanguka

Siku moja unaweza kupigiwa simu: bweni zima linapiga kelele, wengine wanazimia, wanasema ni mapepo. Jambo hili si geni. Januari 1962, katika shule ya bweni ya wasichana ya misheni huko Kashasha, karibu na Bukoba, wasichana watatu walianza kucheka wasiweze kujizuia. Hadi Machi walikuwa wamepatwa 95 kati ya wanafunzi 159, na shule ikafungwa. Uchunguzi haukukuta kijidudu wala sumu. Walimu hawakupatwa hata mmoja. Maelezo yanayokubalika zaidi ni msongo wa mawazo uliopita kutoka kwa msichana mmoja hadi mwingine katika watu waliobanwa pamoja.

Kanisa litaomba, na hakuna anayelizuia. Lakini shule ifanye na haya: iwatenganishe walioanguka na watazamaji, imwite mganga wa zahanati awapime mmoja mmoja, ipunguze kelele badala ya kuitisha mkesha wa bweni zima, kisha iulize ni mzigo gani umewaelemea. Mtihani? Mwalimu fulani? Njaa? Kukosa usingizi? Isikubali kabisa msichana yeyote atajwe kuwa mchawi. Jina hilo litamfuata hadi kijijini kwao.

8. Likitokea baya

Ukatili wa kingono hutokea katika shule za serikali, za binafsi na za dini. Sheria inahesabu kufanya ngono na msichana aliye chini ya miaka 18 kuwa ubakaji hata akisema alikubali, na mvulana naye analindwa. Fuata mpangilio huu:

1. Msikilize hadi mwisho. Usiulize "kwa nini hukupiga kelele". Mwambie umemwamini. Andika maneno yake kama alivyoyasema, pamoja na tarehe.
2. Hospitali kwanza, ndani ya saa 72. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU hazifai baada ya hapo, na kila saa ina thamani. Asioge. Nguo alizovaa zitiwe kwenye mfuko wa karatasi, si wa nailoni.
3. Polisi, Dawati la Jinsia na Watoto. Ndipo utakapopata fomu ya polisi, PF3. Kama hali ni mbaya, matibabu yaanze, fomu itafuata.
4. Afisa ustawi wa jamii, au 116, kama hujui pa kuanzia au unatishwa.
5. Mtoto asibaki bweni moja, wala shule moja, na mtuhumiwa wakati uchunguzi ukiendelea. Atakayeondoka awe mtuhumiwa.

> ONYO
>
> Utaitwa ofisini. Atakuwepo mkuu wa shule, pengine na mchungaji au padri, na utaambiwa kwa sauti ya upole kwamba tuyamalize ndani, tusilichafue jina la kanisa, na kwamba kusamehe ni agizo. Kusamehe ni jambo lako na Mungu wako, utalifanya kwa wakati wako. Kutoa taarifa ni jambo la Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, na linamhusu kila anayejua, pamoja na hao waliokaa mezani. Usisaini karatasi yoyote. Usipokee fidia. Usiende peke yako.

9. Ukiamua kumhamisha

Tofautisha mtoto asiyeipenda shule na mtoto asiye salama. Wa kwanza asubiri mwisho wa mwaka. Wa pili mchukue leo, na makaratasi utayashughulikia kesho.

Kwa uhamisho wa kawaida, tafuta kwanza nafasi kule unakompeleka, kisha omba barua ya uhamisho, taarifa ya maendeleo na namba zake za usajili. Fanya hivyo mwanzoni mwa mwaka, kabla usajili wa mtihani wa kidato cha pili au cha nne haujafungwa. Baada ya hapo atafanyia mtihani kituo kilekile alichosajiliwa. Shule ikimzuilia karatasi kwa sababu ya deni, omba kulipa kwa mafungu kwa maandishi, na ukikwama nenda kwa afisa elimu sekondari. Shuka zake, godoro na ndoo zihesabiwe mbele ya matroni kabla ya kufunga tranka.